Daftari la madeni la mtunzi wa simulizi

Nina steshenari ndogo hapa Tukuyu, si mbali na stendi. Natoa kopi, nachapa barua, nauza kalamu na bahasha. Mvua ikikaza, na kwetu Rungwe hukaza kweli, watu wanajibanza barazani kwangu wakisubiri ipungue, na anayesubiri mvua huwa anaongea. Usiku naandika simulizi. Sehemu tano za mwanzo nazirusha bure Facebook, anayetaka kuendelea anatuma elfu mbili namwingiza kwenye kundi la WhatsApp. Nimemaliza simulizi tisa kwa mtindo huo. Kitabu sijawahi kutoa.

Simulizi ya nne ilipofika sehemu ya 11, mama mmoja muuza ndizi aliingia dukani, akakung'uta mwavuli mlangoni, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Hakuwa na karatasi mkononi. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, yule Mama Sekela wa kwenye hadithi yako, si mimi yule?"

"Hapana, mama. Yule anauza parachichi."

"Ndizi umezitoa ukaweka parachichi. Kijiji umekihamishia Njombe. Ila mume wangu umemwacha na jicho lake."

Nilikosa la kusema. Mumewe jicho moja limeingia ukungu, na akihesabu hela hugeuza kichwa upande kama kuku aliyesikia mwewe. Nilivyoipenda ile picha! Niliiweka kama ilivyo. Kwa hiyo sokoni kwetu kila aliyesoma sehemu ya 3 alimjua ni nani, na alipofika sehemu ya 9, mume anapouza shamba la mkewe wakati mke yuko hospitali anamuuguza mtoto, akaijua na siri hiyo. Kabla ya hapo haikuwa inajulikana. Mimi niliijua kwa sababu mama yule alinisimulia nikimchapia barua ya baraza la ardhi la kata. Alinilipa elfu moja nimchapie siri yake, mimi nikaenda kuiuza elfu mbili.

Tangu siku hiyo nina kaunta buku la kwaya mbili ambalo haliandikwi mapato. Kila duka lina daftari la madeni: mama fulani, sukari robo, atalipa Ijumaa. Langu la simulizi nimeliandika vivyo hivyo, ila humo mdaiwa ni mimi. Nani ananidai, ananidai nini, nimemlipaje. Nitakueleza ninavyolitumia. Wewe lifanye upendavyo, hata kwenye simu, mradi uandike. Deni la kichwani husahaulika.

Anza na uliowachukulia

Kabla hujarusha sehemu ya kwanza, kaa chini uorodheshe kila ulichokitoa kwa mtu aliye hai: tukio, msemo, ugonjwa, kovu, ugomvi wa mirathi. Ukimaliza, rudi juu ujiulize ni kipi hapo kinachomtaja mtu huyo peke yake.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunabadilisha mapambo, alama tunaziacha. Jina, kijiji na biashara ni vitu ambavyo watu elfu wanavyo, na ndivyo tunavyohangaika kuvificha. Kumbe anayemtambulisha mtu ni jicho, ni neno analolirudia, ni mapacha waliofuatana mara mbili. Mama Sekela angeweza kuendelea na ndizi zake bila shida yoyote, maana Rungwe nzima inauza ndizi. Cha kuondoa kilikuwa jicho.

Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Mzee Asajile alihesabu noti akigeuza kichwa upande, jicho la ukungu likitazama ukuta."

Nilipoifuta nikakaa nayo siku tatu, ndipo nikaandika hii:

"Mzee Asajile alihesabu noti mara tatu, kila mara akianza na ile iliyochanika."

Huyu wa pili hayupo Tukuyu. Na tazama, amekuwa mtu zaidi ya yule wa kwanza. Noti iliyochanika inaniambia anaogopa kupunjwa, na mtu anayeogopa kupunjwa ndiye anayeweza kuuza shamba haraka kabla hajaulizwa. Jicho lilikuwa halisemi chochote, isipokuwa kwamba mimi nilimwona mtu fulani mahali fulani. Imenitokea mara nyingi: kitu ulichokiiba kizima huwa hakijapikwa. Kukibadilisha kwa ajili ya heshima ya mtu kunakulazimisha ukipike.

Siri yenyewe ni habari nyingine. Alama unaweza kuzifuta zote na bado mwenye siri akaijua siri yake. Hapo omba. Na usiombe kijumlajumla, "Mama, naweza kuandika habari zako?" Atasema ndiyo kwa adabu tu, asijue amekubali nini. Msomee kipande chenyewe, polepole, umtazame mikono. Mtu akianza kukunja ncha ya kanga, acha, hata kama mdomo unasema endelea.

Majina je? Huku kwetu ukimpa jambazi wako jina la ukoo linaloanza na Mwa-, ujue ukoo huo upo, una wazee na unakaa vikao. Mimi wabaya wangu nawapa majina ya kwanza tu. Vyeo navyo viangalie: "mwenyekiti wa kijiji" ni watu wengi, ila ukitaja na kijiji ni mtu mmoja na namba yake ya simu iko ukutani.

Waliokufa nao wanadai

Kijana mmoja wa Iringa alinitumia riwaya yake ya Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nimchapie. Anaandika vizuri kuliko mimi, nilimwambia hivyo na ni kweli. Ila katika sura ya sita alikuwa amemtunga mke mmoja wa Mkwawa anayemuuza mumewe kwa Wajerumani, kisha akampa jina la mtu aliyewahi kuishi.

Nikampigia. Nikamwambia, mdogo wangu, huyu mtu alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kikachukuliwa. Mwaka 1919 fuvu lake likaandikiwa kifungu, cha 246, katika Mkataba wa Versailles uliofunga vita ya kwanza ya dunia, Ujerumani ikaamriwa ilikabidhi ndani ya miezi sita, na bado likafika kwao Kalenga mwaka 1954. Miaka 35. Amechezewa vya kutosha. Kama unataka msaliti, na riwaya yako kweli inamhitaji, muumbe wa kwako kuanzia unyayo, mpe jina ambalo halikuwahi kuitwa na mtu katika ukoo ule.

La pili nililomuuliza lilikuwa dogo, na ndilo lililomkalia. Katika vita vya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, aliandika kwamba "Wajerumani walianguka kama nzige." Nikamuuliza, Wajerumani gani? Zelewski aliyekuwa anaongoza msafara alikuwa Mjerumani, na maofisa wake wachache. Wengi waliolala pale walikuwa askari weusi, wengine wametolewa Sudan, na wapagazi. Mpagazi hana upande, ana mzigo.

Alinyamaza siku mbili. Alipoirudisha sura, kulikuwa na ukurasa mpya: mpagazi mmoja anaanguka, na kabla ya kufa anajaribu kutua mzigo vizuri kwa sababu amezoea kupigwa ukianguka vibaya. Ushindi wa Wahehe haukupungua hata chembe. Sikumwambia amwonee huruma mtu yeyote, nilimwomba tu ahesabu vizuri.

Ukimpa mtu ugonjwa

Hili nitalikalia, kwa sababu nililifanya mimi na bado linanitia aibu.

Simulizi ya pili, binti anatoka Kyela kwenda kuhudumia baa Tunduma. Anaiba waume za watu, anacheka, ananunua simu kubwa. Wasomaji wakawa wanamchukia kwelikweli, wananitumia sauti usiku, "Dada, huyu Neema lini anapata chake?" Nikawapa. Sehemu ya 30, mstari mmoja: "Vipimo vilitoka. Alikuwa ameukwaa." Sehemu ya 32 amekonda, ya 33 amezikwa. Makopakopa yakajaa kundini.

Baada ya wiki nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa msomaji wa siku nyingi. Hakuwa amekasirika, ndiyo maana nilisikiliza hadi mwisho. Alisema, "Dada yangu, mimi nina miaka 11 kwenye dawa. Nina watoto wawili wazima kabisa. Sikuiba mume wa mtu, niliolewa naye kanisani. Kila simulizi nikisoma, akitokea mwanamke kama mimi najua sehemu ya mwisho atakufa. Siku hizi nikishaona vipimo vinatajwa, nafunga simu."

Nikachukua kaunta buku nikapiga hesabu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta Njombe ndiyo mkoa wenye maambukizi makubwa ya VVU kuliko yote nchini, watu wazima 12.7 katika kila 100, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Nina wasomaji kama 50 wa Njombe na Makambako. Tuseme sita. Watu sita walilipa elfu mbili zao ili niwaambie kwamba wao ni adhabu.

Na nilikuwa nimesema uongo pia. Huo ndio mwiba wenyewe. Neema alikufa kwa miezi mitatu kana kwamba ni mwaka 1992, wakati Tunduma anapata kidonge kimoja kwa siku bila kulipa, na akikimeza ipasavyo virusi vinafubaa mpaka kipimo hakivioni, na akifika hapo hamwambukizi mwenzi wake. Mtunzi anaruhusiwa kubuni Neema. Kubuni namna ugonjwa unavyoua, mbele ya watu wanaouishi, hilo sikuwa na ruhusa nalo. Kuna mtu anaweza kusoma pale akaona hakuna haja ya kwenda kuchukua dawa.

Kwa hiyo kanuni yangu sasa: ugonjwa ukiingia kwenye simulizi, uingie mapema, usiingie kama hukumu. Nilipoiandika upya, vipimo nilivitoa sehemu ya 30 nikavipeleka sehemu ya 6, kabla Neema hajamkosea mtu. Basi kila kitu kikageuka. Simu kubwa ile ina kengele ya saa tatu usiku, na wanaume wanafikiri ni ya mwanaume mwingine. Binti yuleyule, mjeuri vilevile, bado anaiba waume za watu. Ila sasa wasomaji hawajui wamchukie au wamwombee, na kundi liligombana wiki nzima.

Naomba hapa usinisikie kama mwalimu wa darasa la nne anayeuliza mwishoni, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Siamini kwamba mwizi lazima afungwe na mchawi lazima aanguke na ungo. Neema wa pili hakuadhibiwa, anamiliki baa mpaka leo. Uadilifu wa simulizi haumo katika nani anashinda. Angalia msomaji wako unamfanya amshangilie nani akianguka, na unatumia nini kumwangushia.

Ndumba: ifanye kazi au isifanye?

Kwa mtunzi wa Mbeya hili halikwepeki. Mkoa wetu uliwahi kutajwa nchi nzima kwa mauaji ya kuchuna ngozi. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika nchi hii kwa sababu mtu aliambiwa vinaleta mali. Bibi vizee wameuawa kwa macho mekundu, macho ya miaka 50 ya moshi wa kuni.

Sasa angalia simulizi nyingi zinavyokwenda. Kijana anaambiwa na mganga alete kiungo. Analeta. Wiki inayofuata Fuso lake la kwanza linapaki nje. Mwishoni anapata kichaa, mtunzi anajipongeza kwamba ameonya. Hajaonya, jamani. Katika ulimwengu wa simulizi hiyo kiungo kimefanya kazi! Gari lilikuja. Anayesoma akiwa na njaa ya mali ataliona gari, kichaa atasema ni cha mwingine.

Ninavyofanya: utajiri naupa njia yake, na ninaionyesha kabla ya mganga hajafungua mdomo. Kijana anavusha magendo usiku na shemeji yake. Akienda kwa mganga, akirudi, gari likija, yeye anaamini ni dawa. Msomaji ameshaona magendo. Imani ya kijana nimeiacha kamili, sikuikebehi, ila mimi kama msimulizi sikuitia sahihi. Na aliyeuawa anapata jina, anapata asubuhi moja nzima ya kwake, anajipaka mafuta ya jua, anatafuta kofia yake. Neno "zeruzeru" likihitajika litoke kinywani mwa mhusika. Mimi nikisimulia nasema mtu mwenye ualbino.

Je, maajabu tuyaache? Hapana. Ziwa Ngozi lina hadithi zake za kutisha, ziandike utakavyo, weka na joka. Kipimo changu ni kimoja: kuna mtu aliye hai anayelipia imani hii kwa mwili wake? Kwa ziwa hakuna.

Utani na majibu yake

Mimi ni Mnyakyusa, naishi na utani na nimelelewa nao. Kila Mtanzania anaujua ule wa Mhehe na kamba, eti akikasirika anajiua, na ule wa mbwa, eti anamla. Msibani mtani anausema, Mhehe anamjibu la kumvunja mbavu, watu wanacheka, biashara imeisha. Utani ni mpira wa kurushiana. Ukiuandika, umeurusha na mwenzako hayupo uwanjani. Basi mwingize: Mhehe wako awepo kwenye sebule hiyo, na jibu lake liwe kali kuliko utani wenyewe. Ukishindwa kumtungia jibu kali, futa utani.

Wa kamba mimi nimeufuta kabisa, kwa sababu kila nikiuandika namfikiria aliyezika kaka. Na mhusika akijiua, siandiki alifanyaje. Sitaji sumu, sitaji kipimo, nasimulia mlango uliofungwa na wanaobisha. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiwaambia waandishi wa habari hivyohivyo, wasieleze njia, kwa kuwa wapo wanaoiga.

Ndugu yake utani huu ni dada wa kazi kutoka Iringa. Unamjua: hana jina la pili, hana kwao, yupo ili amwage mchuzi watu wacheke. Nilikuwa naye wa aina hiyo, "mshamba, hata jiko la gesi hajui kuwasha." Nikambadilisha kwa sentensi moja: "Zawadi alijaribu jiko la gesi mara ya tatu, likawaka, akageuka haraka kuona kama kuna aliyemwona." Bado unacheka. Ila sasa umesimama naye jikoni, hukusimama na bosi wake mlangoni. Ninachojiwekea ni kwamba kila mhusika anayechekwa apate walau ukurasa mmoja akiwa peke yake.

Madeni madogo, ila yalipwe

Mwanafunzi ni mtoto. Kitanda chake hakiandikwi, hata kama simulizi yako imebandikwa alama ya watu wazima na hata kama ndiyo inayouza. Kama kadhulumiwa, andika baada yake, andika nani alimwamini na nani alimfukuza.

Ukipokea hela ya sehemu 40, maliza sehemu 40. Ukifiwa, ukiugua, sema, rudisha hela. Kuna watunzi wanakukatisha pale bunduki inapoinuliwa, kisha wanahamia simulizi nyingine na wateja wapya. Huo ni wizi wa kawaida, hauna uhusiano wowote na sanaa.

Na usinakili. Kazi yako inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kama ilivyo ya mwenzako. Niliwahi kukuta simulizi yangu kwenye kundi la watu wengine, majina yote yamebadilishwa, Tukuyu imekuwa Dodoma. Mvua walisahau. Mhusika wangu alikuwa anatembea na mwavuli Dodoma miezi saba mfululizo.

Kusoma daftari

Kila Jumapili usiku nafungua kaunta buku kabla ya kurusha sehemu za wiki. Niliyemlipa, yaani nimebadilisha, nimeomba, nimempa ukurasa wake, namkata mstari. Nisiyemlipa simkati, hata kama sehemu imeshatoka na watu wameipenda. Ina kurasa ambazo hazina mstari uliokatwa hata mmoja, hasa za simulizi ya kwanza. Sizichani.

Mama wa ndizi nilimwomba radhi dukani, mbele ya mwanangu, kisha nikaifuta simulizi ya nne yote Facebook. Kundini sikuweza kuifuta kwenye simu za watu. Mwezi uliopita alikuja tena, safari hii na karatasi: barua ya pili ya baraza. Nikamchapia. Akiwa anasubiri mvua akanisimulia jinsi mumewe alivyorudi kutoka kusaini, akakaa nje ya nyumba hadi giza, asibishe hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

Nimeliandika hilo. Nusu ukurasa, na ni zuri. Liko kwenye daftari, jina lake kando yake, halijakatwa. Mvua ikipungua wiki hii nitampelekea nyumbani nikamsomee.